Vipande Kumi na Viwili vya Taji la Miiba

Dodoma,
8 Juni 1997

Marume Celestin,

Shikamoo. Na Mama Séverine mpe shikamoo yake sasa hivi, kabla hujasoma mstari wa pili, maana nakujua, unasoma kwanza mpaka mwisho ndipo unamwita. Mimi ni mzima. Wodi ya watoto imejaa, maji mjini yanatoka siku mbili kwa wiki, lakini tunakwenda. Nasikia mahindi ya huko yaliungua shambani. Niambie mlivuna nini hasa. Usiniandikie kwamba mnamshukuru Mungu halafu ukanyamaza.

Manesi wenzangu wananicheka nikisema marume. Wanauliza kama ni jina la mtu au la mahali. Nawaambia ndivyo sisi wa Burundi tunavyomwita mjomba, na huyu wangu alinichukua mama yangu alipofariki nikiwa na miaka minne, kwa hiyo ni mjomba, baba na mama humo humo. Hapo wanaacha kucheka.

Sasa jambo lenyewe. Fabiani wa kwenye treni atakuletea mfuko wa salfeti. Usiingize mkono ovyo. Ndani kuna vipande kumi na viwili vya ua linaloitwa taji la miiba. Limepandwa nje ya wodi ya wazazi, na mwaka huu ambao Dodoma nzima imekauka, lenyewe limechanua maua mekundu kuanzia chini mpaka juu. Shina lote ni miiba. Mbuzi hawaligusi, mchwa hawana habari nalo. Mzee Ladislas, mtunza bustani wetu, anasema hilo la mlangoni alilikuta siku alipoajiriwa, mwaka sitini na nane.

Unajua ninataka lipandwe wapi. Kila nikija likizo nakuta umechonga msalaba mpya wa mama, na ule wa zamani mchwa wameula wakaacha ganda. Nimehesabu, huu uliopo ni wa tano tangu nianze kukumbuka. Nataka mama awe na alama isiyoliwa. Lipande lizunguke kaburi lote, ili hata siku sisi hatupo, mtu apite aseme hapa kalala mtu na watu wake walimpenda.

Maelezo ni ya mzee Ladislas, mimi nayaandika tu. Pale palipokatwa panatoka utomvu mweupe. Usijifute macho, unaunguza vibaya. Paka majivu, kisha vianike kivulini siku saba mpaka pafunge. Ndipo upande kwenye mchanga uliochanganywa na kokoto, mahali penye jua la kutwa. Siku ya kupanda usimwagie hata tone, subiri wiki nzima. Na samadi, marume, nakuomba sana, usiweke. Wewe ungeweka samadi hata kwenye mguu wa meza ukiona umelegea. Ua hili likishiba linatoa majani tu, maua linayasahau.

Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Hiki ni kikubwa.

Mtoto wako,
Joséline


Kabungu,
2 Julai 1997

Joséline mwanangu,

Marahaba. Mama Séverine naye anasema marahaba, na anasema nimempa salamu yake kwa wakati, uache kunisingizia. Goti lake la kulia bado linamsumbua asubuhi, likishapata jua linatulia. Ng'ombe amezaa dume. Mahindi tulipata magunia manne, mwaka jana yalikuwa kumi na moja. Sasa nimekwambia. Mihogo ipo na karanga zipo, hakuna atakayelala njaa, kwa hiyo niruhusu na mimi nimshukuru Mungu kidogo.

Fabiani alileta mfuko wako Jumamosi, tarehe ishirini na moja. Aliubeba mgongoni kutoka stesheni ya Mpanda, akasema safari ijayo ukituma mzigo utume kitu kisichouma. Tulimpa uji na maji ya chumvi ya kukanda mgongo. Nakushukuru sana, mwanangu. Watoto wa wenzangu walioko mbali wanatuma sukari na sabuni, na mimi nilipofungua salfeti mbele ya majirani wakaona miiba, walicheka mpaka wakakaa chini. Nikawaambia nyie chekeni, sabuni zenu zitakwisha.

Mama Séverine alipaka majivu kila kipande kama ulivyoelekeza, tukavilaza kwenye mkeka nyuma ya jiko. Vinakauka vizuri. Nimevihesabu, vyote kumi na viwili vipo. Juzi niligusa utomvu kidogo kuona ukoje, nikanawa mikono mara tatu.

Vinaendelea kukauka. Usiwe na wasiwasi navyo.

Tuandikie kama umepata chumba kingine, kile cha kwanza ulisema kinavuja, ingawa kwa ukame huu sijui kinavuja nini.

Akupendaye,
Marume wako Celestin


Dodoma,
10 Agosti 1997

Marume Celestin,

Shikamoo nyie wote wawili. Mama Séverine ajifunge goti kwa kitambaa cha joto usiku, na asipande ngazi ya ghala, apande mwingine. Chumba ni kile kile.

Marume, nilisema siku saba. Ulipoandika zilikuwa siku kumi na moja tangu mzigo ufike, na sasa naandika ni zaidi ya mwezi. Mzee Ladislas anasema haviharibiki upesi, vina subira kuliko watu, lakini hata subira ya ua ina mwisho. Nimekuta neno la kaburi halimo katika barua yako yote. Nimeisoma mara mbili kuhakikisha.

Nina habari, nilitaka niiseme ana kwa ana lakini mdomo hauvumilii. Kuna mtu anaitwa Gervais. Ni mwalimu, Muha wa Kasulu, kwa hiyo mtasikilizana bila mkalimani. Ni mpole, anacheka taratibu, na ananisikiliza mpaka nimalize. Nimeomba likizo ya Pasaka mwakani nije naye. Najua taratibu zetu, ataleta wazee wake kwako na mambo yatakwenda kama yanavyokwenda. Lakini kabla ya wazee na kabla ya padri, nataka nimpeleke kwa mama. Nataka nimshike mkono nimsimamishe pale niseme, mama, ni huyu. Ndiyo maana nataka pawe pazuri.

Tafadhali panda.

Joséline


Kabungu,
5 Oktoba 1997

Joséline mwanangu,

Marahaba, na hongera. Mama Séverine alipiga vigelegele peke yake jikoni mpaka mbwa akabweka. Muha wa Kasulu ni mtu wa nyumbani kabisa. Muulize baba yake ni nani na babu yake ni nani, na kama anajua kulima, maana ualimu ni kazi nzuri lakini chaki hailiwi. Mimi nimefurahi mno. Nilikwenda kukaa peke yangu nyuma ya nyumba kwa sababu sikutaka kuonekana.

Joto ni kali, watu wamesafisha mashamba wanatazama juu. Redio inasema mwaka huu mvua zitakuwa kubwa kuliko kawaida, lakini redio mwaka jana ilisema hivyo hivyo.

Habari ya ua. Nimevipanda vyote kwenye makopo, nimeyapanga ukutani upande wa jua. Niungame kosa langu: makopo saba nimefuata maneno ya mzee Ladislas, na matano nimeweka samadi kidogo, nilitaka kulinganisha. Nimelinganisha. Yale matano yamejaa majani mabichi, ukipita haraka utadhani ni mboga. Yale saba, ambayo sikuyapa kitu isipokuwa kokoto na jua, yana maua. Mekundu, madogo, mawili mawili. Mama Séverine anasema katika miaka thelathini ya ndoa hajawahi kuona mmea ukinikatalia hadharani namna hii. Wageni wakija anawaonyesha.

Kule makaburini ardhi ni ngumu sana sasa, jembe linadunda. Nasubiri mvua ilainishe.

Msalimie Gervais.

Marume wako,
Celestin


Dodoma,
2 Novemba 1997

Marume Celestin,

Shikamoo. Mama Séverine shikamoo. Sisi wazima.

Leo ni siku ya marehemu wote. Kanisani padri amesoma majina tuliyoandika kwenye karatasi, na alipofika kwa Vestina, mama yangu, nilisimama peke yangu nikasubiri kama atasimama mwingine. Nikakumbuka wewe huko umesimama, nikafarijika. Kisha nikarudi chumbani nikasoma barua zako zote mbili za mwaka huu.

Umeniandikia kurasa mbili za makopo na mstari mmoja wa kaburi. Eti unasubiri mvua. Marume, ua hili halitaki mvua, wewe mwenyewe umeliona. Na wewe ni mtu uliyewahi kuchimba kisima Septemba, ardhi ikiwa jiwe.

Naomba uniambie kama kuna mtu amelima pale. Niambie kama pamebomoka, au kama kijiji kimegawa sehemu ile. Nimekuwa nikiona maiti tangu nina miaka kumi na tisa, sitazimia. Ninachoshindwa ni kukaa huku nikijua unanificha kitu, wewe ambaye hujawahi kunificha hata bei ya daftari. Unaniogopa nini?

Nakuja Pasaka. Nitaona kwa macho yangu. Afadhali nijue kutoka kwako.

Joséline


Kabungu,
18 Januari 1998

Joséline mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya Novemba imenifikia juzi. Redio safari hii ilisema kweli. Mvua imenyesha tangu Novemba bila kupumzika, reli imekatika sehemu nyingi, treni ya Mpanda ilikaa wiki nyingi haijaonekana. Ukuta wa jiko umeanguka, tumeusimamisha kwa miti. Mama Séverine mzima. Ndama mzima. Makopo matano ya samadi yameoza yote, ukishika shina linabaki mkononi. Yale saba niliyasogeza chini ya paa, yako hai.

Sasa nitakujibu, na nitaandika bila kusimama, maana nikisimama sitamaliza.

Hakuna aliyelima pale. Hakuna kilichobomoka. Kinachonizuia kupanda ni kwamba sijui mama yako kalala wapi.

Mwaka sabini na nane kipindupindu kilipoingia, mimi na mama yako tuliugua wiki ile ile. Aliyefariki ni yeye. Siku anazikwa mimi nilikuwa nimelala na dripu mkononi, sijui hata kama ni mchana. Wagonjwa wa namna ile walizikwa upesi, na ndugu hawakuruhusiwa karibu. Alasiri ile ile walizikwa wanawake wawili, bega kwa bega. Nilipotoka baada ya wiki tatu, nilikuta vifusi viwili, vimelingana, havina alama yoyote. Siméon aliyechimba alikuwa amehama, nikaambiwa kaenda upande wa Kigoma. Niliuliza watu wawili watatu. Mmoja alisema hiki, mwingine akasema kile.

Nilirudi nyumbani. Kesho yake ukaniomba nikupeleke. Ulikuwa umevaa gauni la njano ambalo Mama Séverine alilifupisha. Tulipofika ukasimama katikati ya vile vifusi, ukanishika kidole, ukauliza, "Mama yuko wapi?"

Mwanangu, ningesemaje. Nilinyoosha mkono kwenye kile cha karibu na mti wa mninga, nikasema, "Yule pale." Ukaenda ukakaa, ukaanza kuzungumza naye.

Nilijiambia nitakueleza ukikua. Ukafika darasa la nne, ukafika la saba, ukaenda kusomea unesi, na kila likizo ulikwenda pale pale ukakaa pale pale. Misalaba yote mitano niliyochonga nilijua mchwa wataila, na kila wakiila nilikuwa naona kama uongo wangu nao umepunguzwa. Nikichonga mwingine, nasema bado nina nafasi. Ulipotuma mmea wa kudumu miaka thelathini, nikashindwa. Nitazungusha miiba kwenye kaburi ambalo huenda ni la mtu mwingine, na mama yangu mzazi aliyemzaa Vestina ananiona huko aliko?

Kifusi cha pili nacho nimekipalilia miaka yote. Usinisifu, haukuwa wema. Ulikuwa woga.

Yamebaki makopo saba. Sema nipande wapi na nitapanda. Ukisema nisipande nitayaacha. Ukinikasirikia ni haki yako, nami sitakuuliza mpaka lini.

Celestin


Kabungu,
25 Machi 1998

Joséline mwanangu,

Natumaini u mzima. Sijapata barua. Nashindwa kujua kama ni reli au ni moyo wako. Kila treni ikiingia namtazama Fabiani usoni, na yeye sasa ananikwepa.

Mama Séverine anakusalimia sana, amekusukia mkeka. Mpunga wa bondeni umechukuliwa na maji. Mihogo ya mlimani imesalimika.

Naandika kukueleza nilichofanya bila ruhusa yako. Baada ya kukuandikia ile barua, nilijiona mwepesi na mwenye aibu kwa pamoja. Nikafikiri, miaka ishirini nimekaa na swali hili mdomoni, tangu zile siku sijalitoa tena mbele ya mtu. Nikachukua baiskeli nikaenda Kawajense kwa mzee Anselmo, aliyekuwa katekista wetu wakati ule. Hana meno tena lakini kichwa kizima. Nikamuuliza mwanamke wa pili alikuwa nani.

Akasema ndiye aliyewasomea sala. Alisimama mbali, akawasomea wote wawili mara moja, na hakumbuki yupi ni yupi. Lakini yule wa pili anamjua jina, Emerensiana, mtu wa Mpimbwe, alikuja kumtembelea dada yake akaugulia huku. Dada naye alifariki siku hizo hizo, ndiyo maana hakuja mtu kuuliza. Mzee Anselmo akasema, "Mbona hukuniuliza zamani?"

Alituma neno kwa parokia za kule. Wiki mbili zikapita. Siku moja tunapukuchua karanga, akaingia mama mmoja, matope mpaka magotini, kikapu kichwani. Alikuwa njiani siku tatu, madaraja mawili yamekwenda. Akasema anaitwa Lucia, mtoto wa Emerensiana.

Nilimpeleka bila hata kumpa maji, ndivyo nilivyochanganyikiwa. Pale nilimweleza yote, pamoja na msalaba niliouweka kwa kubahatisha. Nilimwambia kwamba huenda miaka ishirini nimemwita mama yake kwa jina la dada yangu. Nilitegemea anitukane.

Alikaa chini kwenye nyasi mbichi. Akasema yeye aliambiwa mama yake alitupwa shimo moja na watu wengi, na kwamba pale pamejengwa. Miaka yote akiomba alikuwa hajui ageuze uso wapi. Kisha akauliza nani anapalilia hapa. Nikasema ni mimi, lakini kwa woga.

Joséline, mama yule alinishika mikono yote miwili. Akasema, "Basi woga wako ndio uliomtunza mama yangu. Asante, kaka."

Nililia mbele yake. Sijui kama nililia hivyo Vestina alipofariki.

Yeye pia hawezi kujua yupi ni yupi. Hakuna anayejua tena. Tukakubaliana tupande uzio mmoja uwazunguke wote wawili. Makopo saba hayakutosha, tukakata matawi ya yale marefu, na hapo sheria ya mzee Ladislas ikatukamata: siku saba kivulini. Lucia akasema hawezi kurudi Mpimbwe kabla hajapanda kwa mkono wake, akakaa. Siku zote saba alikuwa nasi. Alitupikia mchele alioubeba kwenye kikapu, akamkanda Mama Séverine goti, wakawa wanacheka jikoni mambo ambayo nikiingia wananyamaza. Ninashukuru kwa zile siku kuliko kwa maua yenyewe.

Siku ya nane tulibeba mchanga wa mtoni na kokoto, tukainua tuta ili maji ya mvua hii yateremke, tukapanda mashina kumi na tisa. Hatukumwagilia. Samadi sikuikaribia. Msalaba niliung'oa kwenye kifusi nilichokuonyesha, nikausimamisha katikati, na Lucia akaandika majina yote mawili kwa msumari wa moto.

Nimefanya bila kukuuliza. Ukija ukataka nivunje, nitavunja.

Marume wako,
Celestin


Dodoma,
19 Aprili 1998

Marume wangu,

Shikamoo. Mama Séverine shikamoo, na ahsante kwa mkeka. Ukipata wa kumtuma Mpimbwe, mpelekee Dada Lucia shikamoo yangu ya kwanza maishani.

Reli haina kosa. Barua yako ya Januari niliipata tarehe kumi Februari. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuandikia barua mbili nikazichana. Ya kwanza ilikuita mwongo. Ya pili ilikuita mwongo kwa adabu. Kila nikifumba macho nilijiona nimekaa pale na cheti changu cha darasa la saba, namsomea mama alama zangu moja moja, na sasa sijui nilikuwa namsomea mama wa nani. Pasaka ikaja, treni zimeanza kupita kwa shida, na mimi nikamwambia Gervais hatuendi. Hakuniuliza sababu. Alisema tutakwenda nitakapoweza.

Wiki ile ya Pasaka alifariki mama mmoja wodi ya jirani. Mtoto wake alikuwa kwangu, ana miaka mitano, homa imeshuka, anakula vizuri. Bibi yake alikuwa njiani hajafika. Asubuhi nilipokwenda kumbadilisha shuka, akaniuliza mama yuko wapi.

Nina miaka minne ya kazi hii. Nimefundishwa namna ya kumwambia mtu habari ya msiba, hatua kwa hatua, hata kwenye daftari nimeiandika. Yule mtoto alinitazama, na nikajikuta nimenyoosha mkono dirishani, nikasema, kule. Kule kuna jengo la kufulia nguo. Akatazama lile jengo, akatulia, akanywa uji wake wote.

Nilikwenda chooni nikakaa huko muda mrefu. Nikaona ulivyosimama na wewe, umetoka kitandani, miguu haina nguvu, dada yako amefariki, na mtoto amekushika kidole.

Barua yako ya Machi ilifika siku mbili baadaye. Nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Marume, nakumbuka jambo. Kila tulipokwenda, ukishamaliza kupalilia kwa mama, ulikuwa unasogea kwenye kifusi cha pili bila kusema neno, na mimi nilikuwa nakusubiri nikichoka. Nilifikiri ni kwa sababu jembe likishakuwa mkononi mwako huwezi kuliweka chini. Kumbe ulikuwa unanilindia mama yangu, kote kote, ili popote alipo asiwe porini. Wewe uite woga. Mimi nakushukuru. Nakushukuru kwa kifusi ulichonionyesha na kwa kile ambacho hukunionyesha, na kwa kuniambia ukweli wakati ungeweza kufa nao na nisingejua kamwe. Na nakushukuru kwa kumtafuta Lucia kabla sijakutuma.

Sijapona yote. Bado kuna siku inanirudia. Nitakwambia ikinirudia, nawe uniambie ikikurudia, tusiandikiane tena habari za makopo.

Usivunje kitu. Mzee Ladislas anasema mashina kumi na tisa yakishika, mwaka wa tatu hutaona tena pengo kati ya moja na jingine. Palilieni kwa mkono, msitumie jembe karibu na mizizi. Likirefuka likate Juni, si wakati wa mvua.

Tunakuja tarehe ishirini Juni, mimi na Gervais, treni ikituruhusu. Naomba Lucia awepo. Naomba wewe mwenyewe umsimulie Gervais, tangu kipindupindu mpaka kikapu cha mchele, mimi nisikilize.

Na tukifika pale, marume, usinionyeshe. Nitaingia ndani ya uzio nikae katikati yao. Nitaita mama mara moja tu, na aliye wangu ataitika.

Mtoto wako,
Joséline